Usimamizi wa maarifa: tulipe karo, au kijana akae na mzee?

Mwanzisha mada, Kisumu
Wakuu, hamjambo. Mpwa wangu amepata nafasi ya kusomea digrii ya usimamizi wa maarifa, yaani kuhakikisha wanachojua wafanyakazi hakipotei wakiondoka, na ukoo umenigeukia nichange. Napinga, lakini niko tayari kukosolewa.

Niliwahi kufanya kazi ofisi moja ya maji huku magharibi. Bomba likapasuka, na aliyejua valvu ya kulifunga iko wapi alikuwa amestaafu miezi minne kabla. Ramani ilikuwepo, tena ya rangi, ila ilichorwa barabara haijapanuliwa. Vijana walichimba siku mbili. Mwishowe mzee akaletwa na bodaboda kutoka shambani, akahesabu hatua kutoka kwenye mwembe, akasema, "Ondoeni hicho kibanda cha chipsi." Ilikuwa papo hapo chini. Sasa, darasa gani la miaka minne lingetuokoa? Kijana mmoja angemfuata mzee mwaka wake wa mwisho, basi.

Mkutubi, Eldoret
Ndugu, kisa chako kinanipa hoja mimi. Nani alitakiwa kuona kwamba mzee anatimiza miaka 60, amkalishe na kijana, na ramani isahihishwe? Hakuna, maana kazi hiyo haikuwa ya mtu. Hapa Chuo Kikuu cha Moi sayansi ya habari inafundishwa tangu 1988, na mwaka 2018 ISO, lile shirika la kimataifa la viwango, ilitoa kiwango 30401 cha mifumo ya kusimamia maarifa. Kumhoji anayeondoka, au kukaa kitako baada ya kazi na kuulizana wapi mambo yalienda mrama, ni ujuzi. Haushuki kama mvua.

Mama wa Ahero
Sawa mkutubi, lakini tangazo la kazi liko wapi? Binti yangu ana diploma ya mambo hayohayo. Yuko saiba, anawajazia watu fomu za ushuru.

Mwanzisha mada
Mkutubi, kwa hilo la kazi isiyo ya mtu umenibana, nakubali. Lakini mwanafalsafa Michael Polanyi aliandika mwaka 1966 kwamba tunajua mengi kuliko tunavyoweza kusema. Yule mzee tulimpigia simu kwanza, akashindwa kutuelekeza. Ilibidi miguu yake ifike. Ndiyo maana nasema mpwa aanze na ufundi wa mabomba, au uuguzi, au uhasibu, kisha haya ayasome kwenye uzamili. Mtoto wa miaka 18 atasimamia maarifa gani? Atapanga mafaili tu.

Afisa wa kaunti, Nakuru
Kijana kumfuata mzee mwaka mzima ni mishahara miwili kwa kazi moja. Ukienda na ombi hilo kwenye bajeti utachekwa. Halafu mnadhani wazee wote watakubali kufunza? Wengine hunyamaza makusudi, maana ndicho kibarua chao baada ya kustaafu.

Mwanzisha mada
Hapo umesema kweli. Yule wa valvu alidai elfu tatu, na nauli ya boda juu. Tukalipa. Zile valvu nyingine hakuna aliyemwuliza ziko wapi.