Chishu Ryu: alianza katika sinema bubu, akafikaje miaka ya 1990?

Mtazamaji
Ndugu wanajukwaa, nimetazama Tokyo Monogatari, filamu ya Yasujiro Ozu ya mwaka 1953, na sura ya yule baba mzee, Chishu Ryu, haijanitoka. Nimesoma kwamba alianza kazi enzi za sinema bubu na akaendelea kuigiza hadi miaka ya 1990. Kwa kuwa katika filamu hii tayari ni mzee wa miaka sabini hivi, hesabu inanishinda. Naomba anayeijua safari yake anieleweshe.

Bi Sinema
Hesabu inakushinda kwa sababu hakuwa mzee, ndugu yangu. Ryu alizaliwa Mei 1904 huko Kumamoto, kwa hiyo filamu hiyo ilipotoka alikuwa na miaka 49. Chieko Higashiyama, aliyeigiza mkewe, alimzidi miaka 14, na So Yamamura, aliyeigiza mwanawe wa kwanza, alipishana naye miaka sita tu. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwani katika Chichi Ariki ya mwaka 1942 alikuwa baba wa Shuji Sano, ambaye kwa umri angetosha kuwa mdogo wake. Mvi huwekwa na mpambaji, lakini tazama anavyoketi, mgongo ulivyoinama kidogo, na anavyochelewa kujibu anaposemeshwa: hayo yote ni yake.

Mhariri wa Picha
Niongeze kuhusu mwanzo wake. Baba yake alikuwa kasisi wa hekalu la Kibudha, naye alitarajiwa kurithi kazi hiyo, lakini mwaka 1925 aliingia studio ya Shochiku iliyokuwa Kamata, Tokyo, na kwa takriban miaka kumi akapewa nafasi ndogondogo tu. Sinema bubu ilidumu Japani kuliko Marekani, sababu mojawapo ikiwa benshi, wasimulizi waliokaa kando ya pazia wakieleza kisa na kusema maneno ya wahusika, ambao watazamaji waliwapenda mno. Ozu hakutoa filamu ya kisa yenye sauti hadi Hitori Musuko ya mwaka 1936, na humo ndimo Ryu alipopata nafasi ya maana, ya mwalimu ambaye maisha ya jijini yamemshinda akaishia kuuza chakula. Lafudhi ya Kumamoto haikumtoka maisha yake yote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofanya watazamaji wamwamini.

Kuhusu ufundi, Ryu mwenyewe alisimulia kwamba Ozu alimpangia hata mahali pa kuelekeza macho: atazame ncha ya vijiti vya kulia, kisha mkono wake, ndipo amsemeshe mwanawe. Hata hivyo hakutii kila kitu. Mwishoni mwa Banshun ya mwaka 1949, baba akiwa peke yake anamenya tunda baada ya kumwoza binti yake, Ozu alitaka alie kwa sauti; Ryu akasema hawezi, na badala yake akainamisha kichwa tu. Sijaona kilio kinachozidi uzito wa kichwa kile.

Mtazamaji
Nawashukuru sana. Ozu alifariki mwaka 1963. Je, baada ya hapo Ryu aliishi kwa kazi gani?

Bi Sinema
Hakukosa kazi. Kuanzia mwaka 1969, katika mfululizo wa Yoji Yamada unaomhusu mzururaji Tora-san, alikuwa kasisi wa hekalu la Shibamata. Hivyo mtoto wa kasisi akauvaa ukasisi kwenye filamu kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi 1992, na Wajapani wengi ambao hawajawahi kutazama filamu ya Ozu humkumbuka kwa nafasi hiyo. Mwaka 1990 Akira Kurosawa alimpa sehemu ya mwisho ya Yume, mzee mchangamfu wa kijiji chenye vinu vya maji. Alifariki Machi 1993 akiwa na miaka 88. Ukiitazama Yume, sikiliza mzee huyo anapotaja umri wake: anasema ana miaka 103, kwa hiyo hata hapo Ryu alikuwa bado anaigiza mtu aliyemzidi umri.