Natafuta wakili wa usuluhishi, Reading au karibu

Mama Latifa, Reading
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwenye kumjua wakili wa usuluhishi huku kwetu anielekeze. Mwenzangu tuliyekuwa tukipakia naye kontena za Dar amekalia pauni 7,400 zangu tangu Machi. Mahakamani sitaki, ni mtu wa nyumbani. Wakili niliyemwona anatoza 280 kwa saa, na saa ya kwanza imeishia mimi kumweleza mapipa ya mitumba ni kitu gani.

Salum, Leicester
Waalaykum salaam dada. Kabla hujalipa tena, unataka msuluhishi au mwamuzi? Neno usuluhishi tunalibebesha yote mawili. Nyumbani ile tume ya mambo ya kazi inaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na majina hayo yana maana yake: msuluhishi anawakalisha mwelewane, mkishindwa kila mtu na njia yake. Mwamuzi anasikiliza halafu anakata, na alichokata kinawafunga. Sheria ya hapa ya 1996 ni ya huyo wa pili, nayo inataka makubaliano ya maandishi. Mnayo?

Mama Latifa
Tunayo, kurasa mbili, tuliandikia jikoni kwangu. Nimeutoa mkataba sasa hivi, doa la chai limefika hadi kwenye saini. Kifungu cha 9: "Tukigombana tutakwenda kwa mtu tutakayekubaliana." Basi.

Salum
Mtu huyo awapatanishe au awahukumu? Mawakili watabishana juu ya mstari huo mpaka hela iishe. Najua umesema mahakamani hutaki, lakini deni lisilozidi 10,000 linaingia madai madogo, na tangu Mei 2024 mahakama inawapitisha kwanza kwa msuluhishi wake. Saa moja ya simu, bure, anaongea na kila mmoja peke yake. Hata sauti ya mwenzako huisikii.

Bi Mwanaisha, London
Salum mwanangu, ngoja. Mdaiwa yuko hapa au kesharudi?

Mama Latifa
Karudi Tanga mwezi wa nane, shikamoo bibi. Kajenga.

Bi Mwanaisha
Marahaba. Basi madai madogo hayatakufikisha mbali, mali iko kule. Tuzo ya mwamuzi wa hapa, yaani alichokata, unaweza kuomba itekelezwe Tanzania, maana nchi hiyo imo tangu 1964 kwenye Mkataba wa New York wa 1958, wa nchi kutambuliana tuzo za waamuzi. Lakini kifungu cha 9 kiandikwe upya: mwamuzi mmoja, mahali, na nani atamteua mkikosa kukubaliana. Chartered Institute of Arbitrators, chama cha waamuzi, huteua, kwa ada. Piga hesabu lakini, mwamuzi mnamlipa nyinyi wenyewe. Wakili wa kukiandika mtafute kwenye orodha ya Law Society, chama cha mawakili wa hapa, akutajie bei ya kazi nzima, saa zake abaki nazo. Na mwenzako lazima atie saini. Atakubali?

Mama Latifa
Simu yangu hapokei. Ila mama yake anapokea, na kontena ya mwisho ilibeba friji lake. Naanzia kwake kesho asubuhi.