Tupeane uzoefu: riwaya "za kihuni" tulizosoma kwa kujificha, wana Tanga tuanze

Mwana wa Ngamiani

Habari za wikiendi wana Tanga na majirani wote, wakubwa zangu shikamooni. Uzi huu umetokana na ubishi wa kijiweni kwetu Barabara ya Kumi na Mbili, tuko na kahawa yetu na kashata, jamaa akaanza kujitapa eti mtu wa Tanga ni msomaji wa kuzaliwa maana Shaaban Robert ni wetu, kazaliwa hapo Machui 1909, kafariki 1962, na mpaka leo anasomwa. Sikatai. Nikamuuliza tu, Kusadikika ulisoma lini? Akasema kidato cha nne, mtihani ulikuwa unakuja. Na kitabu gani ulikimaliza mwenyewe bila kutumwa na mwalimu? Akacheka wee, akasema Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba.

Sasa ndio hapo. Mtu mzima ukimuuliza mbele za watu anasoma nini atakutajia vitabu vya heshima, mbane kidogo utasikia Willy Gamba yule mpelelezi wa Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, James Hadley Chase, Mills & Boon, hadithi za gazetini. Vilivyouzika kweli kweli ndio hivyo hivyo vilivyokuwa vinachanwa na wazazi. Naomba tupeane uzoefu, ulisoma nini, miaka gani, nani alikukataza na ulijificha wapi.

Mimi naanza kifupi. Miaka ya tisini mwanzoni, Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa, imetoka 1990, nimeisomea juu ya mwembe nyuma ya nyumba maana bi mkubwa alishaapa akikiona kingine anakitia jikoni, na kweli kimoja kilishawashia mkaa. Hajawahi kusoma hata ukurasa, shida yake ilikuwa zile picha za majalada. Tiririkeni.

Babu Raskazone

Marahaba wanangu. Mnazungumza kama vile hadithi za kusisimua zilianza na Musiba. Sie shuleni tumesoma Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, na ilikuwa halali kabisa, mwalimu mwenyewe alikuwa akitusomea kwa sauti darasa zima kimya. Nimekuja kujua ukubwani kwamba hivyo huko Uingereza vilikuwa vitabu vya mtaani. Rider Haggard aliwekeana dau la shilingi tano na ndugu yake kwamba naye anaweza kuandika kitu kama kile cha Stevenson cha kisiwa, akakaa akaandika mbio mbio, kikatoka 1885, London ikabandikwa matangazo na watu wakakinunua kama njugu. Mwaka 1929 vyote viwili vikatoka kwa Kiswahili. Kwa hiyo kitabu cha dau la shilingi tano ndicho tulichopewa sisi kama elimu, halafu hao hao tuliosomeshwa hicho tukaja kuwachapa watoto wetu kwa sababu ya Willy Gamba. Na nikikumbuka tulivyokuwa tukiwaombea wale Wazungu watoke pangoni salama na almasi mifukoni! Almasi za nani? Hakuna aliyeuliza.

Akaja Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, kikachapishwa 1960, mwandishi Muhammed Said Abdulla, mtu wa Unguja hapo ng'ambo tu. Bwana Msa na kiko chake na Najum wake pembeni. Wajuzi husema kamwiga Sherlock Holmes. Na amwige, lakini Bwana Msa alikuwa anazungumza kama mjomba wangu, huyo Holmes hajawahi. Marehemu baba alikikataa kwa ajili ya neno "mzimu" tu pale juu, akasema kitabu cha ushirikina hakilali nyumbani kwake, wakati ukifungua ndani Bwana Msa ndiye mwenye kutafuta muuaji kwa akili na hana habari na mizimu. Basi nikawa nakisomea maktaba, ile ya zamani ya Mfalme George, na nikiondoka nakichomeka nyuma ya vitabu vya kilimo ili mwingine asikichukue mpaka nirudi.

Mwana wa Ngamiani

Babu shikamoo tena. Hiyo ya almasi imenikaa, nimeisoma mara mbili.

Kipusa wa Makorora

Ngoja mie niwape ya stendi. Mjomba wangu miaka ya themanini alikuwa na meza stendi ya zamani, enzi hizo mabasi hayajahamia Kange, anauza magazeti, sigara za moja moja, na chini ya meza ana boksi la vitabu vya kukodi. Kukodi sio kuuza, maana kuuza angeuza nini, ile miaka karatasi ilikuwa adimu hata daftari la mtoto unapanga foleni, kitabu kikishatoka kikaisha kimeisha. Kufa na Kupona ya 1974, Kikosi cha Kisasi ya 1979, Njama ya 1981, anacho kimoja kimoja na kila kimoja kimesomwa na nusu ya mji.

Vilivyokuwa vinafungwa sasa! Pini za katikati kwa hewa yetu ya chumvi zinaota kutu, kurasa zinaachia, basi yeye anazing'oa anatoboa kwa shazia anashona kwa uzi wa katani aliokuwa anapewa na jamaa zake wa mashambani, jalada la asili likishakufa anakata mfuko wa saruji ule wa khaki anavika, juu anaandika jina kwa makapeni. Ukipita pale huoni kitabu chochote cha aibu, unaona mafurushi ya khaki tu. Wazee wa heshima wakawa wanakodi bila wasiwasi, anakitia kwapani anavuka barabara kama kabeba msahafu, astaghfirullah.

Tatizo likawa watu hawarudishi. Unaacha saa rehani, mtu anaona bora saa ipotee. Mjomba akafanya ujanja ambao mpaka leo sijauona popote, alikata karatasi ya mwisho ya kila kitabu akaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Unakwenda na kitabu nyumbani, unasoma, Willy Gamba kazingirwa, bunduki imeelekezwa kifuani, unafunua, khaki! Mwisho lazima urudi mezani, urudishe kitabu, akague, ndio anakutolea karatasi yako kwenye kopo unaisoma hapo hapo kwa kusimama huku makonda wanakusukuma. Jumamosi jioni unakuta watu wazima kama watano wamesimama kila mtu na karatasi yake moja, wengine wanasema peke yao, "nilijua tu, nilijua tu yule mwanamke ni wa makaburu". Nimekua nikiona hivyo nikadhani ndivyo maktaba zote zilivyo.

Na alikuwa na boksi la pili la Kiingereza, vinatoka kwa mabaharia bandarini, Forsyth wa The Day of the Jackal, Sidney Sheldon, na Chase kibao. Vijana wa sekondari walikuwa wanamgombania Chase. Mjomba akawa anasimulia kwamba huyo Chase, jina lake hasa René Raymond, ni Mwingereza wa London aliyeandika majambazi ya Marekani kwa kutumia ramani na kamusi ya maneno ya mtaani, na watu wakaamini ni Mmarekani. Alikuwa anamsifu kwa hilo kuliko hata hadithi zenyewe.

Dogo wa Pongwe

Karatasi ya mwisho kwenye kopo la maziwa 😂😂 huyo mjomba angezaliwa sasa hivi angekuwa tajiri

Mwalimu Mstaafu

Naomba nipinge kidogo, naona mnasherehekea tu. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi na nimenyang'anya vitabu hivyo mpaka vikajaa sanduku. Sio kwa sababu ya jalada wala lugha, Kiswahili cha Musiba na Mtobwa kinateleza vizuri na hadithi wanajua kuifunga. Ugomvi wangu ni mwanamke. Hesabuni wenyewe, mwanamke humo ndani aidha ni mtego aliyetumwa na adui, au ni zawadi ya mpelelezi akimaliza kazi, au ni maiti. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na tano akisoma vya namna hiyo mfululizo ataelewa nini kuhusu dada yake? Hilo nililisema wakati ule na nalisema leo.

Ila nakiri serikali nayo ilikuwa na mizani yake ya ajabu. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikazuiwa mashuleni, nayo ni kitabu kinachomtazama msichana kwa huruma kweli kweli na kumtazama baba mkali kwa jicho kali zaidi. Wakati imezuiwa nilikuwa naikuta chini ya magodoro. Baadaye ikaruhusiwa, ikawa ya kusomwa darasani na kujibiwa maswali. Ilipofika hapo hakuna aliyeificha tena, na wengine hawakuifungua kabisa mpaka wiki ya mtihani.

Bi Chumbageni

Mwalimu shikamoo, umesema kweli kuhusu wanawake wa Willy Gamba, ndio maana sisi wasichana tulikuwa na vyetu. Mills & Boon. Kampuni imeanza London 1908, ikitoa vitabu vya kila namna, baadaye ikaona faida iko kwenye mapenzi ikakaa huko huko. Sisi tulikuwa bweni, shule ya milimani huko juu baridi kali, vilikuwa vinaletwa na wenzetu wenye dada zao Nairobi. Kitabu kimoja, bweni zima. Tukawa tunakichana vipande vitatu ili wasome watatu kwa mpigo, saa za prepo kipande kiko ndani ya kitabu cha Bayolojia, usiku kiko chini ya shuka na tochi. Kwa mgao huo mie vingi nimeanzia katikati, wameshagombana, wanapatana, halafu ndio napata kipande cha kwanza najua sababu ya ugomvi. Wala haikuharibu kitu! Yule bwana lazima awe na mashamba au hospitali, lazima awe na kiburi, na lazima mwisho aombe radhi. Hilo la kuomba radhi ndilo tulilokuwa tunalifuata jamani, nyumbani kwetu nani alishawahi kumuona baba anaomba radhi?

Watu wanacheka wakisikia mtu mzima anasoma mapenzi. Mume wangu anatazama mpira kila siku, mwisho ni ama wamefungwa ama wamefunga, na hakuna anayemwambia anapoteza muda.

Dogo wa Pongwe

Mi wa kizazi cha simulizi za kwenye simu. Dada alinianzishia na magazeti ya Shigongo, Rais Anampenda Mke Wangu, sijui Machozi ya nini, anakata vipande vya gazeti anavihifadhi kwenye faili. Saa hizi mambo yote WhatsApp, mwandishi anakurushia sehemu ya kwanza mpaka ya tano bure, ya sita unamtumia buku kwa simu. Kila sehemu inaishia pabaya, "mlango ukafunguliwa, aliyeingia alikuwa..." ITAENDELEA. Mshua anasema huo ni ujinga mtupu, vijana wa siku hizi hamsomi. Namuonyesha nimesoma sehemu mia na kitu za hadithi moja, anasema hiyo sio kusoma.

Mwalimu Mstaafu

Mwambie baba yako Charles Dickens alianza hivyo hivyo. Pickwick ilitoka kwa vipande vya kila mwezi 1836 mpaka 1837, watu wananunua kipande wanasubiri kingine, leo maprofesa wanaandikia tasnifu. Sisemi hizo za WhatsApp zitafika huko, nyingi ninazoletewa na wajukuu zimeandikwa ovyo, nukta hakuna, jina la mhusika linabadilika katikati. Lakini kuuza kwa kipande sio kosa lake.

Kipusa wa Makorora

Mwalimu na zile za zamani nazo zilikuwa zinakosewa, usitupambie. Nimeona kitabu mtu kafa ukurasa wa arobaini, wa sabini anaagiza bia.

Mwana wa Ngamiani

😂 Sawa wakuu. Ila naona jambo moja hapa, 2021 Gurnah kachukua Nobel tukashangilia nchi nzima, mwaka uliofuata Paradise ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, nimeuliza kijiweni nani kaisoma, kimya. Nikauliza nani anakumbuka Kikosi cha Kisasi kinavyoisha, wakaanza kugombana wakisimulia. Mie Peponi ninayo na nimeisoma na nimeipenda, sio kwamba moja ifute nyingine. Ninachokataa ni ile kumtazama mtu kwa dharau kwa kuwa kashika kitabu chembamba. Huyo wa kitabu chembamba ndiye kesho anaweza kununua kinene, asiyesoma kabisa hanunui chochote.

Babu Raskazone

Au asinunue kinene, abaki na hicho hicho chembamba. Pia ni sawa. Mie nina miaka mingi na bado namrudia Bwana Msa.

Bi Chumbageni

Mwalimu hujatuambia, lile sanduku ulilonyang'anyia watoto liko wapi?

Mwalimu Mstaafu

Lipo hapa Sahare, chini ya kitanda. Mchwa wamekula Joram Kiango wawili, Bwana Msa mmoja hana jalada, vingine viko salama. Walioandika majina yao ndani waje wachukue, ni haki yao, wengi wenu sasa ni wazazi. Niliyoyasema kuhusu wanawake sijayafuta. Na Njama msiniulize, ile siitoi, naisoma nimefika katikati.