Mawakala wa programu wanaosanifu kifaa kimoja: nani aamue, na kwa utaratibu gani?

Mpangamitambo aliandika:

Ndugu wanajamvi, naomba mawazo yenu kuhusu jambo linaloukwamisha mradi wetu. Tunasanifu mkono wa roboti kwa kutumia mawakala watano wa programu, yaani programu zinazojiamulia zenyewe, kila mmoja akiwa ameandikwa na kikundi tofauti na akiendeshwa kwenye seva yake. Mmoja huchagua mota, wa pili huchagua gia, wa tatu hukokotoa uimara wa fremu, wa nne husimamia umeme na betri, na wa tano hujumlisha gharama. Hakuna anayeuona usanifu mzima. Kila mmoja hutangaza thamani za vigezo vyake, na wenzake wanapolipokea tangazo hilo hukokotoa upya na kutangaza za kwao.

Mara nyingine mfumo hautulii kabisa: mota ikikua, fremu huongezewa unene, mkono huwa mzito, kisha wakala wa mota hurudi kudai mota kubwa zaidi. Na hata unapotulia, matokeo hutegemea ujumbe wa nani ulitangulia kufika, kiasi kwamba masharti yaleyale, mtandao ukichelewa kidogo tu, hutupatia usanifu mwingine. Baadhi ya wenzangu wanataka tuweke wakala mkuu mwenye kauli ya mwisho. Wengine wanapinga, kwa hoja kwamba wakala huyo atalazimika kuijua mota kama mtaalamu wa mota na fremu kama mtaalamu wa fremu, na hapo hawa wengine watakuwa hawana kazi. Ninyi mngefuata njia ipi?

HesabuKwanza alijibu:

Ndugu Mpangamitambo, kabla ya kugusa itifaki ya mawasiliano, ukokotoe huo mzunguko wa uzito kwa kalamu. Jiulize: kila kilo 1 inayoongezwa kwenye mkono hulazimisha mota, gia na fremu kuongezeka kwa kilo ngapi? Ikiwa jibu ni 0.4, nyongeza ya kwanza ya kilo 1 italeta 0.4, kisha 0.16, kisha 0.064, na jumla, pamoja na ile kilo ya kwanza, itaishia karibu kilo 1.67, kwa hiyo mawakala wakiachwa waendelee watatulia wenyewe. Ikiwa jibu ni 1 au zaidi, hakuna usanifu unaoweza kubeba mzigo huo kwa vifaa hivyo, na hata mkiajiri msuluhishi mwenye hekima kiasi gani, atakuwa anasuluhisha jambo lisilo na suluhu. Watu wengi huulaumu mtandao kwa kosa lililomo ndani ya fizikia ya kifaa.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo ninayoishuku kwenu. Mota haziuzwi kwa kila ukubwa. Hupatikana kwa ngazi, kwa hiyo wakala anaweza kurukaruka kati ya ngazi mbili zilizo jirani bila kikomo, kwa sababu ndogo haitoshi na kubwa huleta uzito unaobadilisha hesabu za gia, na gia mpya hufanya ile ndogo ionekane inatosha tena. Dawa yake ni nyepesi: wakala aliyekwishapanda ngazi asiruhusiwe kushuka mpaka apate ziada iliyokubaliwa mapema, tuseme asilimia 10 ya msokoto (nguvu ya kuzungusha) unaohitajika.

Mkunjawigo alijibu:

Nakubaliana na HesabuKwanza kuhusu mzunguko, lakini hilo la matokeo kutegemea ujumbe uliotangulia lina chanzo kingine: mawakala wenu hutangaza thamani moja moja. Wakala wa mota akisema “milimita 63”, amekwishaamua peke yake jambo linalowahusu wanne wengine, na wao hawana la kufanya isipokuwa kulifuata au kulipinga. Aliyewahi kusema ndiye anayewapangia wenzake.

Badala yake, kila wakala atangaze wigo: kipenyo cha mota kati ya milimita 50 na 80, unene wa fremu kati ya 3 na 6. Kisha kazi ya kila mmoja iwe ni kukata sehemu ya wigo ambayo ana hakika haiwezekani, na asikate kwa sababu ya upendeleo tu. Mkifuata sharti kwamba wigo hupungua tu na haupanuki, na kwamba kila ukataji umetokana na vikwazo vya kweli, mtapata jambo ambalo linaweza kuthibitishwa kihisabati: mawakala wakikata mpaka hakuna mwenye cha kukata, wataishia kwenye wigo uleule bila kujali ujumbe wa nani ulitangulia au ulichelewa. Ukataji ukirudiwa haudhuru, kwa hiyo hata ujumbe uliofika mara mbili hauharibu kitu. Nusu ya maumivu yenu ya mtandao itaisha hapo.

Wahandisi wanadamu waliijua njia hii kabla yetu. Mwaka 1995 Allen Ward na wenzake walieleza jinsi Toyota ilivyokuwa ikichelewesha maamuzi kwa makusudi, ikibaki na chaguo nyingi kwa muda mrefu kuliko washindani wake na kuzipunguza hatua kwa hatua, na hata hivyo ikamaliza magari mapya haraka. Waliuita utaratibu huo kitendawili, na ukiwa umezoea kuambiwa “amua mapema” utaelewa kwa nini.

Ila tahadhari: wigo uliokwisha kukatwa pande zote bado unaweza kuwa na chaguo nyingi ndani yake, au kuwa na chaguo ambazo kila moja inafaa peke yake lakini hazifai zikiwekwa pamoja. Ukataji husafisha uwanja, hauchagui mshindi.

Mpatanishi_wa_Hoja alijibu:

Hapo ndipo ninapoingia, kwa sababu kuchagua mshindi ndiko kunakozusha ubishi.

Utasikia watu wakipendekeza mnada, yaani ile itifaki ya zabuni aliyoichapisha Reid Smith mwaka 1980, ambamo wakala mmoja hutangaza kazi, wengine hutoa zabuni, na mwenye zabuni bora hupewa. Ni itifaki nzuri kwa kugawa kazi zinazotenganishika. Kwenu hazitenganishiki: uzito wa mkono ni kigezo cha mawakala wote watano, na huwezi kuupiga mnada kama kwamba mmoja ataondoka nao.

Ukiwaacha mawakala wajadiliane huku kila mmoja akitafuta faida yake, wanaweza kufika mahali ambapo hakuna anayeona sababu ya kusogea peke yake, ilhali upo usanifu mwingine ambao ungewafaa wote zaidi endapo wangesogea pamoja. Wakala wa fremu hatapunguza unene kwa hiari yake ili wa betri apumue. Hali hiyo ni kituo cha Nash, na haina uhusiano wa lazima na ubora wa Pareto, yaani hali ambamo huwezi kumnufaisha mmoja bila kumuumiza mwingine. Kwa hiyo majadiliano matupu hayatoshi. Lazima pawepo kipimo kimoja cha jumla kinachosema gramu 100 za uzito zina thamani gani ukizilinganisha na dakika 10 za betri. Kipimo hicho hakitoki kwa wakala yeyote. Hutoka kwa mwanadamu mwenye dhamana ya mradi, na kiandikwe mahali panapoonekana.

Mkiwa na kipimo hicho, zipo algoriti za kutafuta suluhisho bora bila kukusanya taarifa zote kwa mtu mmoja. Makoto Yokoo na wenzake walifungua njia hiyo mwaka 1992 kwa mawakala wanaorudi nyuma na kubadilisha uamuzi wao bila kusubiriana wanapogongana, na mwaka 2005 ikachapishwa algoriti iitwayo Adopt, inayohakikisha ubora wa jibu. Gharama yake ni ujumbe: katika hali mbaya kabisa idadi yake hukua kwa kasi ya kutisha kadiri vigezo vinavyoongezeka. Ndiyo maana ukataji anaousema ndugu Mkunjawigo utangulie.

Kuhusu wakala mkuu, wekeni mmoja, ila mpeni kazi ya karani. Atunze daftari la matoleo ya mahitaji, lipi ni la zamani na lipi ni la sasa, ajue ni nani hajajibu, na atangaze wigo unapokuwa mtupu. Asiwe na maoni kuhusu mota.

KipimoSahihi aliandika:

Nitasema moja tu, kwa kuwa halijaguswa. Vikundi vitano, mawakala watano: je, wote humaanisha kitu kimoja wanaposema “uzito wa mkono”? Pamoja na gia au bila gia? Kwa kilo au kwa nyutoni? Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa msukumo katika vipimo vya pauni na nyingine ikaupokea kama nyutoni, tofauti ya takriban mara 4.45, na kila programu ikijitazama yenyewe ilikuwa sahihi. Namba isisafiri bila kipimo chake, na mpokeaji aikatae ikija uchi.

Mpangamitambo aliandika:

Nawashukuru sana. Ndugu Mkunjawigo, kuna jambo moja linanisumbua. Unasema wigo usipanuke kamwe, lakini mteja wetu hubadilisha mahitaji. Mzigo ukishuka kutoka kilo 5 hadi 4, mota ndogo tulizokwisha kuzikata zinapaswa kurudi. Je, tuanze upya kila mara? Tena, seva ya wakala wa betri huzimika mara kwa mara. Kimya chake tukihesabu vipi?

Mkunjawigo alijibu:

Msianze upya. Kila ukataji uandikwe pamoja na sababu zake: “mota chini ya milimita 55 zimekatwa kwa sababu ya mzigo wa kilo 5, toleo la 3, na urefu wa mkono, toleo la 1”. Lile sharti la wigo kupungua tu halivunjwi ndani ya seti moja ya mahitaji. Mahitaji yakibadilika, karani huzifuta zile sababu zilizosimama juu ya toleo lililoondolewa, na kila ukataji uliozitegemea hufutika, pamoja na ukataji uliozaliwa na ukataji huo. Yasiyohusika hubaki. Misingi ya utaratibu huu wa kutunza sababu iliwekwa na Jon Doyle mwaka 1979, kisha Johan de Kleer mwaka 1986 akaonyesha namna ya kutunza seti kadhaa za dhana kwa wakati mmoja, jambo litakalowafaa mteja anapotaka kulinganisha kilo 4 na kilo 5 bila kuchagua bado.

Jambo moja la kuangalia: mawakala wawili wasitegemeane sababu kwa kuzunguka, wa mota akikata kwa sababu ya fremu na wa fremu akikata kwa sababu ya mota, huku hitaji la mwanzo limekwisha kufutwa. Ukataji wa namna hiyo hujishikilia wenyewe. Karani afuatilie kila sababu mpaka kwenye hitaji lililoandikwa, na isiyofika huko aitupe.

Kimya cha betri hakina maana ya kukubali. Ukataji alioufanya kabla ya kuzimika unabaki halali maadamu toleo alilolitumia bado lipo. Ila pasiwepo uamuzi wa mwisho juu ya kigezo chochote kinachomgusa mpaka arudi na kuthibitisha kwa namba ya toleo la sasa, na karani akichoka kumsubiri, amwite mwanadamu.