Mjadala: Je, kivinjari kiwe na mlango mmoja tu wa kupokea viendelezi?

Fundi Vichupo (mleta mada)

Wakuu, naleta hoja. Kiendelezi, yaani kiprogramu cha kuongezea kivinjari kama Chrome au Firefox kazi mpya, si dude kubwa. Ni folda yenye faili la manifest.json, skripti mbili tatu za JavaScript na nembo. Ukurasa wa HTML naweza kuuandika kwa Notepad, nikakutumia kwa barua pepe, ukaufungua na maisha yakaendelea. Kiendelezi hapana. Tangu 2014 Chrome ya Windows inakataa chochote ambacho hakikutoka kwenye duka la Google, na Mac ikafuata 2015. Mwaka 2018 wakaondoa hata uwezo wa kuweka kitufe cha kusakinisha kwenye tovuti yako mwenyewe. Firefox nayo, kuanzia toleo la 48 la mwaka 2016, haipokei kisicho na saini ya kidijitali ya Mozilla, wenye Firefox, na swichi ya kuzima sharti hilo imebaki kwenye matoleo ya wasanidi na ya mashirika tu.

Sasa, kwenye Windows hiyo hiyo napakua .exe kutoka popote. Mfumo unanionya, nikikubali kazi inaendelea. Kwa nini skripti ya kilobaiti 12 iwekewe mlinzi mkali kuliko programu inayoweza kufuta diski nzima? Kompyuta nimenunua mimi. Wanaotetea mlango mmoja waje na hoja, hofu wabaki nazo.

Askari Kanzu

Mkuu, nikujibu kwa ruhusa moja tu: ile ya kurasa zote. Ukiipata, skripti yako inakaa ndani ya kila ukurasa mtu anaoufungua, tena upande huu wa kufuli ya HTTPS, ambako kila kitu kishafunguliwa. Inaona nywila herufi kwa herufi. Inaona salio. Inaweza kubadili namba ya akaunti ya mpokeaji kabla fomu haijaondoka, na kwenye skrini ikakuonyesha ile uliyoandika wewe. Antivairasi kwa kawaida haishtuki, maana kwake hiyo ni trafiki ya kivinjari kama siku zote.

Kuhusu swichi ya "nakubali": kabla ya 2014 programu za bure zilikuwa zinachomeka viendelezi kimyakimya. Unasakinisha kicheza video, kesho ukurasa wako wa mwanzo umebadilika na utafutaji unapelekwa kusikojulikana. Swichi ikikaa kwenye faili la mipangilio, programu inayoendeshwa kwa akaunti yako inaweza kuliandika faili hilo kama wewe. Mtumiaji haulizwi chochote. Ndiyo sababu Mozilla waliing'oa kwenye toleo la kawaida badala ya kuizima tu.

Pweza

Tusichanganye saini na duka, wadau, nusu ya ugomvi huu inatoka hapo. Mozilla inadai saini. Haikulazimishi ukae dukani kwake.

Njia ni hii. Kwenye manifest.json, sehemu ya browser_specific_settings, weka kitambulisho chenye umbo la barua pepe, na hapo hapo weka update_url ya HTTPS, yaani anwani ambako kivinjari kitatafuta masasisho. Iweke kuanzia toleo la kwanza kabisa. Ukiisahau, waliosakinisha toleo hilo hawataona jipya mpaka walisakinishe kwa mkono, na wengi hawatarudi. Fungua akaunti addons.mozilla.org, ni bure, uchukue funguo mbili za API, ambazo chombo chako kitajitambulisha nazo. Endesha web-ext lint (web-ext ni chombo cha Mozilla cha mstari wa amri) kwanza ili makosa ya kijinga yatoke nyumbani, halafu web-ext sign --channel=unlisted. Mashine inakagua, unarudishiwa faili la .xpi lenye saini, unaliweka kwenye seva yako. Seva ilitume kwa aina application/x-xpinstall, la sivyo mtu atalipakua kama picha na kukuuliza alifanyie nini.

Namba ya toleo haisainiwi mara mbili. Ukikosea koma moja kwenye 1.0.3, inayofuata ni 1.0.4.

Chrome ndiyo imebana kweli. Umebakiwa na hali ya msanidi programu, unapakia folda kama ilivyo. Hakuna sasisho la moja kwa moja, na mtu akisafisha Downloads akaifuta ile folda, kiendelezi kinakwenda nayo. Kwa ofisi kuna sera ya ExtensionInstallForcelist: unaandika kitambulisho cha herufi 32, nukta mkato, kisha anwani ya faili la XML la masasisho. Kwa kiendelezi cha nje ya duka, mashine ya Windows lazima iwe chini ya usimamizi wa ofisi. Kompyuta ya nyumbani haihesabiki. Linux peke yake ndiyo inayopokea faili la .crx, kifurushi cha kiendelezi cha Chrome, kutoka seva yako bila makuu.

Kisu Butu

Hali ya msanidi ndiyo hiyo hiyo matapeli wanayoielekeza: "washa swichi, buruta folda, upate filamu bure." Mlango wa nyuma mnaousifu una foleni yao.

JS Pwani

Wacha niongeze suala la bei, maana mlango ni mmoja lakini viingilio havilingani. Google ni dola 5 mara moja, unalipa kwa kadi. Mozilla bure. Edge bure. Apple ni dola 99 kila mwaka, na hadi 2025 juu yake ilibidi uwe na Mac, kwa sababu kiendelezi cha Safari kilifungashwa ndani ya programu kwa Xcode, chombo cha Apple cha wasanidi. Msimbo ni ule ule karibu wote. Gharama ni ya kupita getini.

Na tukumbuke watu wetu wako wapi. Kwetu wengi wanaingia mtandaoni kwa simu, na Chrome ya Android haina viendelezi kabisa. Firefox ya Android ilifungua mlango kwa viendelezi vya wote Desemba 2023, Safari ya iPhone tangu iOS 15 mwaka 2021. Kwa hiyo mjadala huu kwetu ni wa kompyuta za ofisi na za saiba. Za saiba ndizo mbaya zaidi: kiendelezi kimoja, na kila anayeketi pale anasomwa.

Binti Saini

Askari Kanzu, nakubaliana nawe kuhusu ruhusa, lakini umeruka swali gumu. Duka linakagua nini hasa?

Chukua Cyberhaven, kampuni ya usalama yenyewe. Tarehe 24 Desemba 2024 mfanyakazi alipata barua pepe iliyojifanya ya duka la Chrome: kiendelezi chenu kitaondolewa kwa kukiuka kanuni. Alibofya, akafikishwa kwenye ukurasa halisi wa Google wa kutoa idhini, akaidhinisha programu iliyojiita "Privacy Policy Extension". Alikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, pamoja na ulinzi wa juu wa Google. Havikusaidia, kwa sababu hakuna aliyeiba nywila: yeye mwenyewe alimpa mgeni ruhusa ya kuchapisha. Mgeni akapakia toleo la 24.10.4. Likapita ukaguzi wa duka. Likaingia kwenye vivinjari vya watu kama sasisho la kawaida, tarehe 25, saa ambazo wenye nalo wako mapumzikoni.

Au The Great Suspender, kiendelezi cha kulaza vichupo visivyotumika. Mwenyewe aliukabidhi mradi kwa mnunuzi asiyejulikana Juni 2020, toleo lililofuata likaanza kuvuta skripti kutoka seva ya nje, Google ikakiondoa Februari 2021. Kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, wote wameingia kwa mlango mmoja unaoutetea.

Siku ya kusakinisha mtu anatazama, anasoma, anauliza. Siku ya sasisho hakuna anayeulizwa, na hatari inakaa hapo.

Askari Kanzu

Dada, hapo umenishika, ila nusu. Hiyo ya pili, ya The Great Suspender, ndiyo iliyowekewa kufuli na Manifest V3, awamu ya tatu ya kanuni za Chrome za kuunda viendelezi. Leo kiendelezi hakiruhusiwi kuvuta skripti kutoka seva wala kuendesha maandishi kama msimbo kwa eval. Kila mstari unaoendeshwa uwemo ndani ya kifurushi kilichokaguliwa. Data unaweza kuvuta, mfano faili la JSON la mipangilio. Msimbo hapana. Tangu Oktoba 2018 pia Google inakataa msimbo uliofichwa kwa makusudi, kuufupisha ruksa. Mozilla inakwenda mbali zaidi: ukifupisha au kuunganisha mafaili, unawapelekea msimbo wa asili na maelekezo ya kuujenga, na matokeo yafanane na ulichopakia. Wengi wanakwama hapa kwa sababu hawakupeleka package-lock.json, faili linalotaja toleo kamili la kila maktaba, maktaba ikashuka kwa toleo tofauti, mkaguzi akapata faili lisilolingana.

Cyberhaven ndiyo, ilipita. Sina cha kutetea.

Fundi Vichupo

Umeitaja Manifest V3 mwenyewe, asante. Tuseme na upande wake wa pili. Pamoja na kufuli hiyo waliondoa uwezo wa kiendelezi kusimamisha ombi na kuamua papo hapo lipite au lisipite. Sasa unampa kivinjari orodha ya kanuni mapema, kinaamua chenyewe. Umehakikishiwa kanuni 30,000 za kudumu, juu yake kuna fungu la 300,000 linalogombewa na viendelezi vyote ulivyonavyo, na nyingine 30,000 unazoweza kubadili bila kupita dukani. Idadi tungeivumilia. Kinachouma ni kwamba kanuni haiwezi kufikiri: huwezi kuiambia "endesha msimbo wangu huu juu ya kila ombi, ndipo uamue." uBlock Origin kamili, kizuia matangazo, ilifia hapo, na kufikia Chrome 139 katikati ya 2025 hata sera ya ofisi ya kubakiza Manifest V2 iliondolewa. Firefox imeuacha uwezo ule ule, na kufuli ya msimbo wa nje imeiweka vile vile. Kwa hiyo haikuwa lazima viende pamoja.

Mwenye mlango anauza matangazo. Sisemi ndiyo sababu. Nasema mwenye mlango akiwa mmoja, huna pa kukata rufaa.

Pweza

Na hujasema kero inayokula siku za watu. Skripti ya nyuma, ambayo kwenye Chrome sasa inaitwa service worker, inazimwa baada ya sekunde 30 za ukimya. Mtu anaandika let hesabu = 0 juu ya faili na setInterval ya dakika moja. Dakika haifiki, skripti ishalala, hesabu ikiamka ni sifuri. Anafungua dirisha la ukaguzi atafute kosa, kila kitu kinafanya kazi vizuri, kwa sababu dirisha hilo likiwa wazi skripti haizimwi. Analifunga, kosa linarudi. Tiba ni chrome.alarms, kengele ya kivinjari chenyewe, ambayo muda wake mfupi kabisa ni sekunde 30, na kuhifadhi kila kitu kwenye chrome.storage. Vigezo vya juu ya faili visahauni.

Firefox haitumii service worker hapo, inasoma background.scripts. Andika vyote viwili kwenye manifest. Kuanzia toleo la 121 kila kivinjari kinachukua chake.

Kisu Butu

Tumetoka nje ya mada.

Binti Saini

Hatujatoka, mkuu. Wangapi wanaomba ruhusa ya kurasa zote kwa sababu njia nyembamba inachosha? Kiendelezi cha kukuza maandishi kinatosha na ruhusa mbili nyembamba, activeTab na scripting: hakigusi ukurasa mpaka mtu abofye nembo, na onyo la kutisha halitokei. Kinachohitaji tovuti zaidi kiziweke optional_host_permissions, kiombe siku ya kuhitaji.

Lakini ona motisha ilivyopinda. Toleo jipya likiongeza ruhusa yenye onyo, Chrome inakizima kiendelezi mpaka mtumiaji akubali tena, na sehemu yao hawakubali. Basi msanidi anaomba kila kitu siku ya kwanza, akiba. Mnunuzi au mwizi akija miaka mitatu baadaye anakuta ruhusa zote zimeshalala ndani, hana haja ya kuuliza mtu. Kanuni iliyowekwa kulinda imefundisha watu kujaza ghala.

Upande wa msanidi: akaunti ya kuchapisha isiwe ile ya barua pepe za kila siku. Ukiwa na watumiaji zaidi ya 10,000, duka la Chrome linakuruhusu kulitoa toleo kwa asilimia, anza na 5. Na hiyo ni kwa msanidi mwema tu. Mwizi atatoa 100.

Fundi Vichupo

Basi nibadili hoja yangu, si aibu. Mlango uwe mmoja ikibidi, ila mtumiaji apewe ufunguo wa sasisho. Firefox ninayo: about:addons, unafungua kiendelezi, masasisho ya moja kwa moja unayazima kwa hicho kimoja tu. Chrome haina swichi hiyo kwa mtu wa kawaida. Na iwepo ya kuchelewesha: toleo lolote likae siku tatu kabla halijanifikia. Lile la Cyberhaven lilidumu saa kama 25. Lisingenigusa.

Askari Kanzu

Na toleo la kiraka, lile la kuziba tundu linalotumiwa leo, nalo lisubiri siku tatu?

Fundi Vichupo

Hilo mwenye duka aliwekee alama ya dharura.

Kisu Butu

Umemrudishia ufunguo yule yule.

JS Pwani

Mimi hesabu yangu iko pengine. Cyberhaven waligundua usiku wa tarehe 25 kwa sababu toleo lilikuwa tayari linaendeshwa kwenye mashine za watu. Tukichelewa sote siku tatu, kuumwa tutaanza kusikia siku ya nne. Nani anajitolea kupokea siku ya kwanza?