Mfumo wa mauzo: Kariakoo unapaa, kwenye tawi la Mwanza unasota

StooKuu
Wakuu, naombeni msaada. Tunauza vipuri vya magari Kariakoo. Seva ya MySQL (hifadhidata yetu) iko hapo hapo ofisini, na programu ya mauzo kwenye kila kompyuta inaongea nayo moja kwa moja. Kariakoo ukifungua orodha ya bidhaa (ziko kama 1,500) inakuja papo hapo. Mwanza, wanaoingia kwa VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) kupitia ruta ya laini ya simu, wanasubiri zaidi ya dakika nzima na mteja amesimama kaunta. Tumepandisha kifurushi toka Mbps 10 hadi 30, hamna kitu. Mtoa huduma anasema laini yake nzima, aliyetuandikia programu anasema tatizo ni mtandao. Nimsikilize nani?

kijana_wa_IT
Weka indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) kwenye jedwali la bidhaa.

MzeeWaKebo
Ingekuwa indeksi, Kariakoo nao wangelia, seva si ni ile ile? Mkuu, piga ping (amri ya kupima muda wa kwenda na kurudi) kwenye IP ya seva ukiwa Kariakoo, kisha mtu wa Mwanza afanye hivyo hivyo. Leta wastani.

StooKuu
Kariakoo chini ya 1ms. Mwanza 48ms, hakuna pakiti iliyopotea.

MzeeWaKebo
Basi usinunue tena Mbps. Hizo zinaongeza wingi wa data unaopita kwa mara moja, muda wa kwenda na kurudi unabaki ule ule. Nahisi programu yenu inavuta orodha kwanza, halafu inamrudia seva kwa kila bidhaa kuuliza salio lake stoo. 1,500 mara 48ms ni sekunde 72. Kariakoo hesabu hiyo hiyo haifiki hata sekunde mbili, ndiyo maana aliyeiandika hajawahi kuiona ofisini kwake.

Hakikisha mwenyewe. Kwenye seva andika SET GLOBAL general_log = 'ON'; itaandika kila ombi linaloingia. Mwanza wafungue orodha mara moja, kisha uizime upesi maana faili hilo linavimba. Usihangaike na slow query log (kumbukumbu ya maombi ya polepole). Humo huingia ombi lililokawia, na haya kila moja peke yake linaisha kufumba na kufumbua.

DadaSwichi
Nyongeza: kama kinachochelewa ni kule kuingia tu, halafu ndani mambo shwari, mshuku DNS, maana seva hutafuta kwanza jina la kompyuta inayoingia. Weka skip_name_resolve kwenye mipangilio ya MySQL. Ila watumiaji waliosajiliwa kwa jina la kompyuta watagomewa, wasajili kwa IP kwanza.

StooKuu
Mzee, nimeikuta. SELECT salio FROM stoo WHERE bidhaa_id = 1, = 2, = 3, ukurasa baada ya ukurasa. Nimempelekea fundi wa programu. Sasa anasema hilo ni "toleo jipya" na lina malipo yake.

MzeeWaKebo
Hahaha, nilijua tu. Kuunganisha majedwali mawili kwa JOIN, aombe mara moja badala ya mara 1,500, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Usilipie kama mfumo mzima. Wakati mnavutana bei, tenga kompyuta moja Kariakoo, Mwanza waingie humo kwa Remote Desktop (kuitumia kompyuta ukiwa mbali) kupitia VPN yenu. Programu itakuwa jirani na seva, kinachosafiri ni picha ya skrini tu. Windows Pro inaruhusu mtu mmoja kwa wakati, kwa hiyo iwe ya keshia wa Mwanza peke yake. Na yeyote atakayekushauri kufungua mlango wa 3306 (wa MySQL) kwenye intaneti "ili iwe haraka", mkatalie.