Naomba ushauri: seva ya pamoja au VPS (seva pepe ya peke yako) kwa duka dogo la mtandaoni?

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Nina tovuti ya biashara ndogo ya kushona sare, imejengwa kwa WordPress na WooCommerce (programu-jalizi ya duka la mtandaoni). Iko kwenye seva ya pamoja, yaani inayotumiwa na tovuti nyingi, na muda niliolipia unakaribia kuisha. Shida ni kasi: mchana kurasa zinafunguka taratibu, na ukurasa wa malipo wakati mwingine hukwama kabisa. Hilo linaniumiza sana, maana mteja aliyefika hapo tayari ameshaamua kununua.

Nimepunguza uzito wa picha, nimeondoa programu-jalizi nisizotumia na kuwasha kache (nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili zifunguke haraka). Kurasa za kawaida zimepata nafuu. Kapu na malipo bado, kwa kuwa hizo hazihifadhiwi kwenye kache.

Nimelinganisha kampuni kadhaa. Bei ya mwaka wa kwanza inavutia, ila ya kulipia upya hupanda mno, na wengine hutoza nakala rudufu kando. Cheti cha SSL (cha kulinda mawasiliano ya tovuti) hakinisumbui, Let's Encrypt hutoa bure. VPS naiogopa: sina mtu wa kusimamia masasisho na usalama wa seva.

Je, nichukue VPS inayosimamiwa na mtoa huduma mwenyewe, au seva ya pamoja ya kampuni nyingine itatosha? Na barua pepe za ofisi ziko kwenye seva hiyohiyo. Nizihamisheje bila kupoteza ujumbe wakati rekodi za MX (zinazoelekeza barua pepe ziende seva ipi) zinabadilika?

Natanguliza shukrani.